Swali la Kumi na Nne

Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, kabla hajafungua hata dirisha moja, mzee alikuwa akiketi nyuma ya meza iliyochubuka pembe na kusogeza tarehe. Muhuri wake ulikuwa wa mpini wa mbao, wenye vimkanda vya mpira vinavyozungushwa kwa ncha ya njiti ya kibiriti. Alizungusha siku, akakagua mwezi, akaupiga mara moja pembeni mwa gazeti la jana aone kama wino umeshika. Hapo ndipo maktaba ilipohesabika kuwa imefunguliwa. Mlango ungeweza kuwa bado na komeo, hilo halikumsumbua. Na kwa kuwa muhuri ule ulipiga siku ya kurudisha kitabu, si siku ya kukiazima, tarehe aliyoiweka kila asubuhi ilikuwa ya wiki mbili mbele. Kwa miaka thelathini na minne aliishi wiki mbili mbele ya wenzake, na hakuna aliyemshukuru kwa hilo. Watu walimwita Bwana Muhuri. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye karatasi ya mshahara.

Alikuja pale kama mfagiaji. Shule aliiacha darasa la tano, baba yake alipoanguka na kuvunjika nyonga, na tangu hapo hakuna mwalimu aliyemwona tena. Mwezi wake wa pili kazini, mkutubi wa wakati ule, mtu aliyevaa tai hata kwenye joto la kuyeyusha lami, alimkuta amesimama kati ya rafu, ufagio kwapani, kitabu mkononi.

"Ukisoma, keti," alimwambia. "Ufagio hautakimbia."

Akamvutia kiti. Muhuri aliketi, na kwa namna fulani hakuwahi kuinuka. Alianzia rafu ya kwanza kushoto, akaenda hivyo hivyo kwa mpangilio, kilimo, nyota, magonjwa ya ng'ombe, historia za wafalme waliokwisha kusahaulika, mpaka akafika ukuta wa pili. Hakupata cheti. Lakini ungemuuliza kitabu chochote katika vitabu elfu sita vya chumba kile, angekwenda kukitoa huku anakutazama wewe.

Enzi hizo palikuwa na beseni la maji mlangoni na kipande cha sabuni. Hukuingia bila kunawa mikono, hata kama wewe ndiye mkubwa wa polisi. Jumamosi asubuhi mkutubi aliwasomea gazeti kwa sauti wale wasiojua kusoma, na wao waliketi wima kwenye mabenchi kama watu walioalikwa. Watu walivaa vizuri kuja maktaba. Siku hizi mtu anaingia na kandambili, simu inalia mfukoni, anaipokea na kueleza habari za shemeji yake mbele ya wote. Beseni lilitoboka, halikununuliwa jingine. Mkutubi alistaafu, akazikwa mwaka uliofuata, na baraza la mji likasema litaleta mtu. Ilikuwa imetimia miaka kumi na moja, na mtu bado alikuwa njiani. Muhuri alishika kazi ya mkutubi kwa mshahara wa msaidizi, na sakafu akaendelea kuifagia mwenyewe.

Nyumbani alikuwa na vyumba viwili. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Binti yake wa pekee aliolewa mji wa mbali, akawa anampigia simu kila Jumapili saa kumi jioni. Siku nyingine zote, akishafunga mlango wake, hakuna sauti iliyosikika mle ndani ila ya jiko na ya kikohozi chake mwenyewe. Ndiyo maana ungesema maisha yalimfanyia kejeli: mahali pekee alipopata wa kuzungumza naye palikuwa pale palipoandikwa KIMYA ukutani kwa herufi kubwa.

Siku moja ya kawaida, saa nne, akaingia dada mmoja mwenye mkoba wa ngozi na viatu vilivyofutwa vumbi mlangoni. Hilo la kufuta viatu Muhuri aliliona, likampendeza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta kitabu gani?"

"Sikuja kuazima. Nimekuja kupima."

Muhuri alitazama ule mkoba kama una futi kamba. "Pima tu. Ila ukuta wa nyuma umebonyea, ukifika pale usiuegemee."

Dada akacheka. "Si jengo, mzee wangu. Napima thamani. Baraza limetutuma tujue maktaba hii inauingizia mji kitu gani."

"Haiingizi. Inatoa."

"Basi nataka kujua inatoa nini. Kwa fedha."

 Muhuri alikuwa amesoma habari za kupima mwendo wa mwanga na uzito wa dunia, lakini hilo lilikuwa jipya. Akamsogezea kiti, akamnunulia hata chai kwa muuzaji wa nje. Na dada huyo, ambaye Muhuri alimwita Dada wa Vipimo tangu siku ile, akamweleza bila kuringa. Vipimo vilikuwa vitatu. Cha kwanza, vitabu vilivyoazimwa kwa mwaka, kila kimoja kwa bei ambayo mtu angekinunulia dukani. Cha pili, saa ambazo watu wanakaa mle ndani, kila saa kwa kiasi ambacho mtu huyo angepata akiwa kazini. Cha tatu kilikuwa dodoso, maswali kumi na manane ya kujazwa na wasomaji wenyewe. "Na hiki cha tatu," alisema, "ndicho kizito kuliko vyote."

Alikaa siku tatu karibu na dirisha, anahesabu vichwa.

"Yule aliyelala pale, naye ni msomaji?"

"Anaupumzisha ukurasa," Muhuri alisema.

"Anafanya kazi gani?"

"Aliachishwa kiwandani. Yule wa pembeni yake amestaafu. Wale wawili wamemaliza shule, wanatafuta kazi."

Dada aliandika. Muhuri akainama kidogo, akaona mkondo wa sifuri ukishuka kwenye karatasi kama matone ya mvua kwenye kioo.

"Saa ya asiye na kazi bei yake ni hiyo?"

"Kwenye jedwali ndivyo, mzee. Sikulitunga mimi."

"Kwa hiyo tangu asubuhi hapa ndani hakuna mtu."

 Dada aliweka kalamu chini. "Ndiyo maana nakwambia dodoso ndilo zito. Hapo watasema wenyewe." Akaacha nakala sitini na boksi lenye mdomo, wasomaji wajaze kwa wiki moja. Alipofika mlangoni aligeuka. "Ila tafadhali, mzee, usiwaelekeze. Kila mtu ajaze anavyoona."

"Nimekuelewa," Muhuri alisema, na wakati ule alimaanisha.

Alilisoma dodoso mchana huo, alivyozoea kusoma kila kitu, toka juu mpaka jina la mchapaji. Maswali kumi na matatu ya kwanza hayakuwa na neno. Swali la kumi na nne liliuliza hivi: *Kama maktaba hii ingekuwa katika hatari ya kufungwa, ungekuwa tayari kulipa kiasi gani kila mwezi ili iendelee?*

Muhuri alivua miwani, akaifuta, akalisoma tena.  Swali hili alikuwa analijua. Lilikuwa limewahi kupita mjini likiwa limevaa nguo nyingine.

Miaka minne nyuma, watu wa baraza walipita sokoni na karatasi zao. Wauza nyanya na wapasua kuni waliulizwa wangekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa choo safi. Choo kilikuwa cha bure tangu soko lijengwe. Watu wakaona aibu kusema hawatatoa kitu, wakataja kidogo, sarafu moja, sarafu mbili, kwa adabu tu. Mwezi uliofuata akaletwa mtu na kigoda na kitabu cha tiketi, akaketi mlangoni pa choo. Choo hakikuwa safi zaidi. Bomba la maji la mtaa wa juu likafuata, nalo lilianza kwa swali la upole vilevile. Tangu hapo mji mzima ulijua: baraza likikuuliza uko tayari kulipa ngapi, tayari mtu wa tiketi ameshanunuliwa kigoda.

Aliwaza watu wa vile viti vyake, wale walioachishwa kiwandani na wale wanaotafuta kazi, wakipita mbele ya kigoda. Wangapi wangerudi? Akaona chumba kitupu. Na katika chumba kile kitupu akajiona mwenyewe, na hilo ndilo lililomfanya avunje ahadi.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa fundi redio, mzee mwenzake aliyeitwa Miwani kwa sababu ya miwani yake yenye kioo kimoja kilichofungwa kwa waya. Alikuja kila adhuhuri kusoma gazeti kuanzia ukurasa wa nyuma.

"Unauona mtego?" Muhuri alimnong'oneza.

"Naona swali."

"Unakumbuka choo cha sokoni?"

Miwani alilisogeza dodoso karibu na kioo kizima. Uso ukambadilika. "Hawa watu hawana hata aibu. Na mimi nikitaja kidogo?"

"Hicho kidogo ndicho kitakachokatiwa tiketi."

"Basi sifuri."

"Sifuri."

"Niikoleze?"

"Ikoleze, wasije wakasema hawakuiona."

Wiki ile chumba kilinong'ona kuliko ilivyowahi kutokea. Muhuri alipita kati ya meza kama mtu anayepanga viti, akiinama hapa, akiinama pale. Watu waliitikia kwa kichwa na kupiga sifuri zao kwa kiburi kizuri, kila mmoja akijua analinda kitu chake. Ilikuwa miaka mingi hajaona watu mle ndani wamekuwa kitu kimoja namna ile. Zile Jumamosi za gazeti zilimrudia. Wanafunzi walimpa mkono. Mtu aliyeupumzisha ukurasa aliamka, akajaza, akalala tena.

Mama Sindano alikuja siku ya mwisho. Alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, na alikuwa na kitabu kimoja tu. Kilikuwa kitabu cha kukata nguo, chenye michoro ya makola na mikono ya kila namna, ambacho hakichapwi tena popote. Kusoma alisoma kwa taabu, ila michoro aliielewa. Alikuwa anakirudisha kila baada ya wiki mbili, siku ile ile, Muhuri anakipiga muhuri, na papo hapo anakiazima upya. Mchezo huo waliucheza kwa miaka tisa. Karatasi za tarehe zilibandikwa moja juu ya nyingine mpaka ukurasa wa mwisho ukawa mnene kama kiganja.

"Nijazie, kaka," alisema. "Mwandiko wangu utanichelewesha na wateja wananingoja."

Muhuri akamsomea, akajaza. Walipofika la kumi na nne, Mama Sindano alipapasa jalada la kitabu kwa kidole.

"Hapo mimi ningesema..."

"Hapo tunaandika sifuri, dada. Wote. Niachie mimi."

Na kwa mkono wake mwenyewe akaiandika, duara safi, la mtu aliyejifunza mwandiko kwa kuiga vitabu.

Nakala hamsini na nane zilirudi. Alizichungulia zote kabla boksi halijachukuliwa. Sifuri hamsini na nane. Jioni ile alikwenda nyumbani anapiga mluzi, na jirani akamuuliza kama ameshinda bahati nasibu.

Barua ilikuja baada ya wiki sita. Ililetwa na tarishi, Muhuri akasaini kuipokea, akaisomea pale pale amesimama. Kurasa zilikuwa nyingi, majedwali mengi, lakini yeye alijua kutafuta kitu kwenye kitabu, akakipata ukurasa wa tisa. *Watumiaji wote waliohojiwa walieleza kuwa hawako tayari kuchangia kiasi chochote ili huduma iendelee. Kwa hiyo thamani ambayo watumiaji wenyewe wanaipa maktaba ni sifuri.* Ukurasa wa kumi ulisema jengo litakuwa ofisi ya leseni za biashara kuanzia mwisho wa mwezi.

Alifunga mlango katikati ya mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipofiwa, akaenda kwenye ofisi za baraza. Dada wa Vipimo alikuwa ghorofa ya tatu, kwenye meza iliyobanwa kati ya makabati mawili. Alipomwona alisimama.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimesikitika. Sikutegemea."

"Zile sifuri si za kweli," Muhuri alisema. Alikuwa anahema kwa sababu ya ngazi. "Watu waliogopa. Tulidhani mnataka kututoza."

"Nani aliwaambia tunataka kuwatoza?"

Muhuri alitazama viatu vyake.

Dada aliketi polepole. "Mzee. Swali lile halikuwa la kutoza mtu. Lilikuwa njia ya kuuliza mnaipenda kiasi gani. Nisingeweza kuandika wanaipenda sana, baraza halisomi maneno. Nilihitaji tarakimu. Hata ndogo. Mngetaja bei ya andazi tu, kwa watu hamsini na nane, kwa miezi kumi na miwili, ningekuwa na kitu cha kusimama nacho."

"Badilisha basi."

"Siwezi kubadilisha majibu ya watu."

"Waulize tena."

"Niliomba. Walisema wananchi wameshasema." Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila ukali, na huo ukosefu wa ukali ndio uliomchoma Muhuri. "Chai yangu umeninunulia siku tatu, baba. Kwa nini hukuniuliza?"

 Muhuri alikuwa mtu aliyepata kila alichokijua kwa kukisoma peke yake, na kuuliza mtu hakukuwahi kumjia akilini. Kitabu hakikucheki ukikosea.

Kesho yake aliwaambia. Hakusubiri wasikie mitaani. Alisimama chini ya lile neno KIMYA, akasema yote kwa sauti, ya choo, ya kigoda, ya ukurasa wa tisa. Watu walimsikiliza vizuri, walivyokuwa wakilisikiliza gazeti zamani. Hakuna aliyefoka. Angeshukuru kama mtu angefoka.

"Kwa hiyo tumeiua sisi wenyewe," Miwani alisema.

"Nimeiua mimi."

"Hapana, kalamu niliishika mwenyewe." Miwani alilikunja gazeti, akalirudisha mahali pake, akalinyoosha. "Ila wewe ndiye uliyesema nikoleze."

Akatoka. Mmoja mmoja wakamfuata, wengine wakimpa pole njiani kama kwenye msiba wa mtu wasiyemjua sana. Siku zilizobaki walikuja wachache, wakasoma wakimpa kisogo.

Mwisho wa mwezi wakaja wapagazi. Vitabu vilitiwa kwenye magunia bila mpangilio, nyota pamoja na ng'ombe, vikapelekwa kwenye stoo ya baraza, ambako mpaka leo hakuna anayejua panya wamefika gunia la ngapi. Meza ilibaki, itawafaa watu wa leseni. Daftari la uazimaji na muhuri hakuna aliyeviulizia. Muhuri alivitia kwenye mfuko wa nailoni, akaenda navyo.

Nyumbani alijifunza urefu wa siku. Aliamka wakati ule ule, akavaa shati la kazi, kisha akakumbuka. Aliketi mezani. Kiti cha mkewe kilikuwa mkabala, na kilimtazama. Alichemsha chai ya kikombe kimoja, na hata kwa kikombe kimoja maji yalizidi. Akitoka kununua mkate aliwaona wasomaji wake mitaani. Walimsalimu, walikuwa watu wenye adabu, lakini miguu haikusimama.

Jumapili simu ililia.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Leo umeongea na nani?"

"Na wewe."

"Na jana?"

Alifikiri. "Muuza mkate aliniambia chenji hana."

"Njoo ukae na sisi, baba. Kuna chumba."

"Nina kazi haijaisha," alisema. Alilisema ili amnyamazishe, lakini alipokata simu aliona kumbe ni kweli. Alilifungua daftari. Mistari thelathini na mmoja ilikuwa wazi, vitabu thelathini na kimoja vilikuwa bado kwa watu siku mlango ulipofungwa. Baraza halikuvijua. Yeye alivijua, na hakuwahi kuacha mstari wazi maishani mwake.

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba, daftari kwapani kama zamani ufagio.

Haikuwa kazi ya kumpa mtu furaha. Wengine walikuwa wamehama. Mmoja alimuuliza, "Si imefungwa? Unamrudishia nani?" Swali hilo lilikuwa zuri, na Muhuri alilibeba mpaka nyumbani bila kulijibu. Mwanamke mmoja alimletea kitabu kimefunikiwa mtungi, jalada limevimba. Miwani alikuwa na kitabu cha nyaya za redio. Alikitoa chini ya meza ya kazi bila kuinua macho.

"Chukua. Siku hizi vijana wanatazama kwenye simu, wanatengeneza kabla mimi sijafungua bisibisi."

"Unaweza kukaa nacho kidogo."

"Nikae nacho cha nini? Chukua, ndugu yangu."

Lile ndugu yangu lilikuwa baridi kuliko tusi. Kwa mwezi mzima alipata vitabu tisa. Alivipanga kwenye kiti cha mkewe, kwa mpangilio wa rafu, angalau kisiendelee kumtazama kikiwa kitupu.

Mama Sindano alimwacha wa mwisho. Hakutaka kwenda. Kila alipoufikia mstari ule aliiona ile sifuri safi aliyoiandika kwa mkono wake. Alikwenda siku ya Jumatano, saa tano, wakati alijua wateja ni wachache. Duka lilikuwa chumba kimoja, cherehani mbele, nguo zilizokatwa zikining'inia ukutani kama watu wasio na vichwa. Kitabu kilikuwa wazi mezani, kimebanwa kwa mkasi.

"Kaka Muhuri. Karibu. Nilijua utakuja."

"Nimekuja kufunga daftari, dada. Tarehe yako imepita muda."

"Imepita siku thelathini na mbili. Nilikuja siku yake, nikakuta wanapaka rangi." Mama Sindano hakuondoa mkasi. "Sikupi."

Muhuri alidhani hakusikia vizuri. Miaka tisa mwanamke huyu hakuwahi kuchelewa hata siku moja.

"Ni cha maktaba."

"Maktaba iko wapi? Nionyeshe nikipeleke." Aliweka mkono wake juu ya kitabu, mkono wenye vidole vilivyochomwachomwa na sindano. "Ukikichukua utakitia gunia. Sema bei. Nitalipa."

"Hakiuzwi."

"Basi nitalipa nikae nacho tu. Nimeshafikiria. Kila mwezi nitashona gauni moja la kitabu hiki. Fedha ya gauni hilo naiweka pembeni, siigusi, uje uichukue wewe au aje nani. Gauni zima, kaka, na la mkono mrefu. Kola zote hizi," akaonyesha ukutani kwa kidevu, "zimetoka humu. Wanangu wawili wamesoma kwa kola hizi. Siku ile ulipokuwa unanijazia nilitaka kulisema hilo hilo, ukaniambia nikuachie."

Muhuri alitafuta kiti kwa mkono, akakipata, akaketi. Nje mtu alikuwa anabishana bei ya kitu. Gauni zima kila mwezi. Dada wa Vipimo alikuwa ameomba bei ya andazi. Alitaka kumwambia Mama Sindano kwamba hilo ndilo jibu lililokuwa likitafutwa, la mtu mmoja tu, kwamba lilikuwa pale mezani, upande wa pili wa meza, na yeye ndiye aliyelifunga mdomo. Aliishia kushika ukingo wa meza.

"Unaumwa?" Mama Sindano aliuliza.

"Hapana. Nisamehe, dada."

"Kwa nini?"

"Kwa kukukatiza."

 Mama Sindano hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Aliondoa mkasi, akakifunga kitabu, akakisukuma upande wa Muhuri, jalada la nyuma likiwa juu, kama alivyokuwa akikisukuma kwenye meza iliyochubuka pembe.

Muhuri alikifungua ukurasa wa mwisho, ule mnene. Akatoa muhuri kwenye mfuko wa nailoni, akaomba njiti ya kibiriti. Akazungusha siku, akakagua mwezi. Kisahani cha wino kilikuwa kimekauka, akadondoshea tone la maji kutoka kikombe cha kupigia pasi, akasugua. Akapiga. Tarehe ilitoka hafifu, ya kijivu, lakini ilisomeka. Mama Sindano aliipuliza ikauke, kama kawaida yake.

"Wiki mbili," Muhuri alisema.

"Nikilete wapi?"

"Usikilete. Nitakuja mimi."

"Na gauni?"

"Gauni weka mwenyewe. Mimi sina kigoda."

Mama Sindano alicheka kidogo puani, akavuta kitambaa, cherehani ikaanza kunguruma. Muhuri aliaga, akatoka juani, daftari kwapani. Alipita mbele ya ofisi ya leseni bila kuitazama. Alipofika kona ya nyumbani alikuwa ameshahesabu: siku kumi na nne. Ulikuwa muda mrefu kwa mtu kukaa bila wa kuongea naye. Akaingia ndani, akachemsha maji ya kikombe kimoja, na safari hii aliyapima.